Upande wa Pili wa Kamba

Mashine ndogo za kuvuta kamba hazina siri. Nimezitengeneza miaka ishirini na miwili, na mtu akiniletea mashine akasema "hii ina mambo yake," huwa najua papo hapo kwamba hajawahi kusafisha chujio la hewa. Injini inataka vitu vinne: petroli, hewa, cheche na kompresheni. Ukiipa vyote vinne kwa wakati wake itawaka hata kama haikupendi. Ikikosa kimoja, utavuta kamba mpaka bega litoke. Hakuna cha pepo wala cha mkosi.

Ndivyo nilivyomwambia wifi yangu Jumatano ile, alipoleta mashine ya kukata nyasi karakana kwangu. Ilikuwa imelazwa nyuma ya pikapu ya kukodi na kufunikwa shuka la maua kuanzia mpini hadi magurudumu.

"Shuka la nini, wifi? Inaumwa homa?"

Wifi yangu ni mtu wa kucheka mpaka misibani, lakini siku hiyo hakucheka. "Sikutaka kuitazama njiani," alisema.

Mashine ilikuwa ya mdogo wangu, yaani mumewe. Sina budi kueleza habari za mdogo wangu huyu, ingawa kwa miezi minane nilikuwa nimeapa kutomtaja. Jumapili moja mchana waligombana yeye na mkewe kwa sababu ya bomba la jikoni lililokuwa likivuja tangu mwaka uliopita. Mdogo wangu akatoka na mashine kwenda kukata nyasi za nyuma, na alipofika mlangoni akageuka akasema, "Nikimaliza nyasi hizi hunioni tena." Kweli hakuonekana tena. Simu yake ikawa haipatikani. Polisi waliandika maelezo, wakamuuliza wifi kama mumewe alikuwa na mwanamke mwingine, naye kwa hasira akajibu huenda. Wiki mbili baadaye mtu mmoja akaapa kwamba alimwona stendi ya mabasi na begi mgongoni. Hiyo ikatutosha.

Ilitutosha kwa sababu ya jinsi tulivyolelewa. Mama yetu alikuwa na sheria moja isiyovunjwa: anayesusa hafuatwi. Ukiinuka kwa hasira ukaacha sahani yako, hakuna wa kukuita wala wa kukuchungulia chumbani, na chakula chako kitaliwa ukiwa unasikia vijiko. Ukisusa, wenzio wala. Tulikua wagumu kwa sheria hiyo. Mdogo wangu aliwahi kususa siku nzima juu ya paa la banda la kuku, mvua ikamnyeshea, na hakuna aliyemwambia shuka. Alishuka mwenyewe alipotaka. Kwa hiyo wifi aliponipigia simu siku ya tatu analia, mimi ndiye niliyemwambia, "Mwache. Akichoka atarudi." Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua, na yeye, kwa kuwa mimi ni mkubwa wao, akanisikiliza.

Sasa wifi alikuwa anahama. Nyumba ilikuwa ya kupanga, na mwenye nyumba alitaka funguo Jumamosi, uwanja ukiwa umekatwa nyasi mbele na nyuma.

"Haya, ina nini?" nilimuuliza.

"Haiwaki. Halafu inavuta."

"Hii ndiyo inayovutwa, wifi. Haivuti mtu."

"Utaona mwenyewe. Kila siku saa kumi alasiri naisikia huko stoo. Krrr, krrr. Inanyamaza kidogo. Halafu krrr moja tena. Nikifungua mlango nakuta mpini wa kamba unaning'inia nje, unarudi ndani polepole."

"Panya."

"Panya gani wa kuvuta kamba?"

"Panya mwenye shibe. Nenda kafunge mizigo yako, kesho asubuhi nakuletea mashine inanguruma."

Aliondoka bila kuligusa shuka lake. Nililikunja mimi.

Nilianza na tangi. Petroli iliyokaa miezi minane inanuka kama rangi ya milango, na hii ilinuka hivyo hasa. Nikaimwaga, nikafungua kabureta, nikasafisha vitundu vyake kwa uzi mwembamba wa shaba na kuvipuliza. Chujio la hewa lilijaa vumbi na vipande vya nyasi kavu. Plagi ilikuwa nyeusi, nikaisugua kwa msasa, nikaiegemeza kwenye mwili wa injini na kuvuta kamba: cheche ya bluu, safi kabisa. Nikaziba tundu la plagi kwa kidole gumba na kuvuta tena, na upepo ukakisukuma kidole nje. Petroli, hewa, cheche, kompresheni, vyote vinne vilikuwepo. Nikajisifu moyoni, nikafunga kila kitu, nikakanyaga ukingo wa mashine na kuvuta.

Kamba ilitoka nusu mkono, kisha ikanipokonya. Mpini ulichomoka vidoleni na kunipiga kwenye ngumi. Nikatoa neno ambalo mama yangu asingelipenda.

Nilivuta tena, ikanipokonya tena. Mara ya tatu nikaushika mpini kwa mikono miwili, maana sipendi kushindwa na kitu nilichokizidi umri, nayo ikanivuta hatua nzima mbele mpaka goti likagonga injini.

Najua kamba kupokonywa ni nini. Cheche ikipiga kabla ya wakati wake, injini hurudi nyuma na kamba nayo hurudi. Lakini hurudi mara moja tu, pap, imekwisha. Hii haikuwa pap. Ilikuwa mvuto mrefu, wa mtu aliyeegemea nyuma kwa uzito wake wote ili asiachie. Nilisimama pale nikiipapasa ngumi yangu, na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na miwili nilijisikia sitaki kuigusa mashine.

Nikachomoa plagi kabisa na kuiweka mezani. Injini isiyo na plagi ni chuma tu. Nikaenda kunawa mikono kwenye beseni nyuma ya karakana. Nilikuwa nimejipaka sabuni ya unga mpaka kwenye viwiko niliposikia krrr. Kisha krrr nyingine. Nikatulia, maji yakitiririka. Kimya kikawa kirefu kiasi cha mtu kupumua na kufuta jasho. Kisha krrr moja.

Niliporudi ndani mpini ulikuwa nje urefu wa mkono, ukirudi taratibu mahali pake. Saa ya ukutani ilikuwa saa kumi na dakika mbili. Hapakuwa na mtu karakana, na mlango ulikuwa wazi na jua likiwaka nje, na wauza mitumba wa ng'ambo ya barabara walikuwa wakibishana kuhusu mpira. Niliogopa, nasema wazi. Niliogopa kwa sababu niliutambua uvutaji ule. Mara mbili, pumzika, mara moja. Mimi ndiye niliyemfundisha mdogo wangu kuwasha injini, na hivyo ndivyo alivyokuwa akivuta. Nilimgombeza miaka na miaka kwamba kupumzika katikati hakuna maana yoyote, naye hakuacha.

Mtu mwenye akili angeifunika shuka na kufunga karakana. Mimi nikiogopa huwa nakasirika, na nikikasirika huwa nafungua boliti. Nikatoa kifuniko cha juu, nikafungua nati ya gurudumu zito linalozungushwa na kamba, nikaligonga kidogo kwa nyundo ya mpira mpaka likalegea, nikalinyanyua.

Ugonjwa ulikuwa pale. Kati ya gurudumu lile na mhimili wake kuna kijipande cha chuma laini, si kikubwa kuliko punje ya mchele, ambacho mafundi tunakiita ufunguo. Kazi yake ni kulishika gurudumu mahali pake ili cheche ipige kwa wakati. Kimetengenezwa laini makusudi: kisu cha mashine kikigonga kitu kigumu kwa ghafla, ufunguo unakatika, injini inazima, na vyuma vya thamani vinasalimika. Ufunguo wa mdogo wangu ulikuwa umekatika katikati. Nikailaza mashine ubavu nikatazama kisu chini. Kilikuwa kimepinda ncha moja na kuliwa pengo la upana wa kidole. Jiwe likigongwa huacha unga mweupe. Kwenye pengo lile kulikuwa na kutu nyekundu, ya chuma kingine.

Nikakaa kwenye kiti changu na ufunguo uliokatika kiganjani. Mafundi huwaza kwa mpangilio: kipi kilitangulia, kipi kikafuata. Kisu kiligonga chuma. Ufunguo ukakatika. Injini ikazima, na baada ya hapo isingewaka kwa mtu yeyote, hata angeivuta kutwa. Maana yake mdogo wangu hakumaliza nyasi.

Niliyasema maneno hayo kwa sauti, peke yangu. Hakumaliza nyasi. Na yeye alisema nikimaliza nyasi hizi. Watu wengine wakisema hivyo ni maneno tu ya hasira. Mtoto wa mama yetu akisema atasusa baada ya kumaliza nyasi, atazimaliza kwanza, hata kwa meno, ndipo asuse. Asingeondoka na nusu ya uwanja imesimama. Ingekuwa aibu kwake.

Nikampigia wifi.

"Siku ile, nyasi za nyuma zilikatwa zote?"

"Hapana. Zilibaki nusu, kule kwenye ukuta. Zimebaki mpaka leo. Kwani nini?"

"Mashine uliikuta wapi?"

"Kwenye ngazi za jikoni. Nikaisukuma stoo kwa teke. Wifi, kwani nini?"

"Alivaa nini?"

"Mabuti ya mpira, kama kawaida yake akikata nyasi."

"Viatu vyake vingine viko wapi?"

Kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba kabati la mumewe hajalifungua tangu siku ile. Alikuwa amelifunga na kuutupia ufunguo wake kwenye kopo la vifungo, na tangu hapo anayesusa hafuatwi, hata kabatini. Nilimwambia alifungue nikiwa bado kwenye simu. Nikasikia kopo likimwagwa, ufunguo ukihangaika tunduni, mlango ukilia. Halafu nikamsikia akihesabu, bila kuniambia mimi: viatu vyeusi, viatu vya kahawia, sandali, raba. Akasema shati la sherehe lipo. Akasema begi lipo.

Ni mwanamume gani anayemtoroka mkewe na mabuti ya kukatia nyasi?

Nilimwambia asitoke kwenda nyuma mpaka nifike. Jioni hiyo nilikinyoosha kisu, nikatia ufunguo mpya, nikafunga gurudumu. Asubuhi ya Alhamisi nilivuta kamba mara moja tu na injini ikaitika vizuri, bila kunipokonya wala kukohoa. Nikaipakia kwenye gari langu bovu na kwenda.

Wifi alikuwa amekaa kwenye ngazi za jikoni, na viatu vyote vya mumewe amevipanga kando yake jozi kwa jozi. Nyuma yake nyumba ilikuwa imebaki maboksi tu. Uwanja wa nyuma ulianza na nyasi fupi, ambazo wifi alikuwa akizifyeka kwa panga hadi pale mumewe alipofikia, kisha, karibu nusu yake, nyasi za miezi minane zilisimama hadi kiunoni na sehemu nyingine zimelala zikafungamana kama mkeka mnene. Hapo ndipo mdogo wangu alipoishia. Mstari wa kale wa mashine yake bado ulionekana ukienda moja kwa moja, kisha ukakatika.

"Kuna chuma humo," nilimwambia. "Kaa hapo hapo."

Nilipaswa kutumia fimbo kupapasa njia. Ningemwambia hivyo mwanafunzi yeyote. Lakini nilikuwa na haraka ya kujua na woga wa kujua, na vyote viwili vilinipeleka mbio. Nikaiwasha mashine. Nikawa naunyanyua uso wake na kuushusha taratibu juu ya nyasi, hatua kwa hatua, nikiufuata mstari ule. Injini ilikuwa nzima. Nilikuwa nimeisikiliza kama daktari na haikuwa na kasoro hata moja.

Hatua moja baada ya mstari kukatika, ilizima.

Haikufifia wala haikukohoa. Ilikata tu, na kimya kikatanda uwanja mzima. Nikavuta kamba. Haikutoka. Nikavuta kwa mikono miwili na kamba haikutoka hata inchi. Nilisikia kwenye viganja kwamba imeshikwa, si kukwama. Kitu kilichokwama ni kigumu. Hiki kilikuwa kikilegea kidogo nikilegeza na kukaza nikikaza. Nikaanza kulia bila kujua. Nikasema, "Basi, basi, nimekuelewa," nikaachia mpini na kurudi nyuma hatua moja.

Ndipo nilipotazama chini. Gurudumu la mbele la kushoto halikuwa limekanyaga kitu. Lilikuwa limeelea juu ya mkeka wa nyasi, na chini ya mkeka kulikuwa na giza.

Nikalala kifudifudi na kufunua nyasi kwa mkono. Kulikuwa na ukingo wa chuma, umeoza kwa kutu, na pengo la kisu kwenye ubavu wake. Ulikuwa mfuniko wa kisima cha zamani, ambacho mwenye nyumba hakuwahi kumwambia mtu, kimefukiwa kwa udongo wenye unene wa kiganja mpaka nyasi zikaota juu yake. Nusu ya mfuniko ilikuwa haipo. Nikawasha tochi ya simu. Maji yalikuwa mbali sana chini, meusi, na katika maji soli ya buti la mpira ilikuwa imeelekea juu.

Sikupiga kelele. Nilitambaa kinyumenyume mpaka kwenye nyasi fupi, na wifi akauona uso wangu. Alinyanyua jozi ya viatu vya kahawia akaipakata.

Polisi walikuja na kamba na taa na watu wa zimamoto. Tulikaa ngazini tukawatazama wakizungusha utepe. Miezi minane tulikuwa tumemtukana mtu ambaye hakwenda popote. Nilijaribu kumwambia wifi mpangilio wa mambo, maana ndiyo namna pekee ninayojua kumfariji mtu: alikata nyasi, akagonga chuma, mashine ikazima, akaivuta mpaka hapa ngazini, akajaribu kuiwasha, ikakataa, akarudi kuangalia aligonga nini, akakanyaga. Hakukutoroka, nilimwambia. Angerudi amalize nyasi, kisha angesusa siku mbili kwenye sebule yenu, basi. Na mimi ndiye niliyesema mwache. Hilo ni langu, wifi, wewe usilibebe.

Alikuwa akisikiliza na kutikisa kichwa taratibu.

"Aliniita," alisema.

"Lini?"

"Siku ile. Nilisikia akiniita jina langu. Mara nne au tano. Nikasema moyoni, hataki kuniomba radhi, anataka nimletee maji. Nikaongeza redio."

Nilitazama ngazi tulizokalia. Kutoka pale mpaka dirisha la jikoni ni hatua tatu. Mtu aliye pale haiti mara tano, anasukuma mlango. Nililijua hilo kabla hajamaliza kusema, na nikamdanganya papo hapo.

"Alikuwa hapa ngazini," nilisema. "Alitaka umshikie mashine avute kamba. Mimi najua, wifi, hii ndiyo kazi yangu. Ilikuwa kabla hajarudi kule."

Nilitaka sana aniamini.

"Sauti ilikuwa ndogo," alisema. "Ilikuwa inatoka mbali."

"Ni redio hiyo," nilisema. "Redio ilimfunika."

"Redio niliiongeza baadaye," alisema wifi.